Fremu Iliyoelekea kwa Gaspari

Donata mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Tangu asubuhi umepita sebuleni mara nne, na mara zote nne umeangalia ukuta. Mara ya tatu nilikohoa makusudi, ukaongeza mwendo. Sasa wewe na mama yako mmekwenda Masaka, hapa jirani, kumuaga bibi yako, nyumba imebaki na mimi na kuku, na hao kuku nao leo naona wananitazama vibaya. Basi nimechukua daftari langu la redio, nimechana kurasa za nyuma ambazo hazijaandikwa, na naandika barua hii. Utaisoma ndani ya basi ukishavuka mpaka, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunifokea.

Habari za sabuni, za sweta na za kumheshimu shangazi yako wa Kigoma mama yako amekwisha kuzisema, na atazisema tena kesho kituoni. Sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilicholelewa nacho huko huko unakokwenda, na ndicho nilichokusemesha wewe tangu ukiwa mgongoni. Kinyarwanda changu kinatosha kuomba ruhusa kazini. Hakitoshi kwa haya.

Nina hasira nawe, nianze na hilo. Juzi ulisimama mlangoni na ufagio mkononi ukaniambia: "Jumamosi nitapita kwa Mzee Gaspari kuchukua sanduku langu. Nikimkuta hajui, nitamwambia mimi." Kisha ukaendelea kufagia. Miaka kumi na minane nimefanya kazi ya ufundi uwanja wa ndege hapa Kanombe, nimetukanwa na marubani kwa lugha nne, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa amri huku akifagia.

Tena hukujua unachokiamrisha. Wewe unadhani kuna jambo moja la kumwambia Gaspari. Yako mawili, na la pili hujalisikia.

Nikirudi mwanzo, mimi nilimchukia jirani yetu Gaspari kabla ya redio kuingia katika ugomvi wetu. Nilichukia msumeno wake wa umeme uliokuwa ukilia tangu asubuhi. Nilichukia jinsi alivyokuwa anasalimia, polepole, kofia mkononi, utafikiri anakuja kuposa. Nilichukia kile chumba chake cha nyuma chenye dirisha lililopigiliwa mbao, kinachotazama ua wetu wa minyaa. Kila fundi seremala hufanyia kazi mahali penye mwanga, nilisema, huyu anaficha nini? Nilipoanza redio ya mawimbi mafupi, kibali kikiwa kimegongwa muhuri na kutundikwa ukutani, nilihitaji mahali pa kufungia ncha ya waya wa antena. Nikaufunga kwenye mwavokado wake. Sikumwomba. Baada ya siku mbili niliukuta waya wangu umewekwa juu ya ngazi zetu, umekunjwa duara, umefungwa vizuri kwa kamba. Kama angeukata ningemheshimu. Kule kukunja vizuri ndiko kulikoniudhi.

Wewe ulikuwa na miaka kumi hivi, na ulikuwa na sikio kuliko mimi. Unakumbuka yule mwalimu wa Mauritius? Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, alikuwa anapiga ishara zake kwenye masafa ya mita themanini akiniita, na wewe ndiye uliyemsikia kwanza, umejifunika blanketi, ukaniambia: "Baba, kuna mtu mdogo sana pale chini." Nilimjibu asubuhi ile na nyingine nyingi. Halafu kelele zikaanza. Krrrr, kimya, krrrr, kimya. Mtu wetu mdogo akazama humo, nikawa namsikia nusu neno, robo neno, mwishowe nikawa najua yupo kwa kukisia tu. Yeye alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa sijibu.

Nilifanya yale ambayo mtu mwenye hasira hufanya. Niliongeza. Waya mrefu zaidi, juu zaidi, kutoka mkaratusi hadi paa la jiko. Sauti ya Mauritius iliongezeka, na kelele ziliongezeka mara mbili ya hapo. Ilinichukua mwaka mzima na vitabu viwili vya kuazima kuelewa kwamba kwenye mawimbi yale ya chini, kutuma na kusikiliza ni kazi mbili. Antena ya kutuma inataka nguvu. Ya kusikilizia inataka ukaidi: ikatae radi za Kongo, ikatae umeme wa mtaa, ibaki na kile kijisauti unachokitaka. Ndiyo maana tulikwenda Masaka mimi na wewe tukapitisha waya kwenye vijiti, kimo cha goti, mita mia mbili katikati ya maharagwe ya bibi yako, na mwisho wake tukauzika ardhini kupitia kirezista kimoja, kijidude cha kupunguza umeme. Waya mnyonge kabisa. Bibi yako akaanikia nguo. Lakini ile siku niliyobeba betri ya gari hadi kule, Mauritius ilisikika safi kupitia shati la babu yako, na wewe ukaruka ruka shambani ukakanyaga miche, tukagombezwa wote wawili.

Hiyo ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote katika maisha yangu ya redio. Naiandika ili ujue kwamba ninayo moja.

Masaka hakukuwa na umeme, na mimi kazi yangu iko Kanombe. Nilitaka kitu cha hapa nyumbani. Ndipo nikaunda ile fremu. Mraba wa mbao, mita moja kila upande, nyaya zimezungushwa, mti katikati wa kuigeuzia. Mbao zenyewe nilizitoa katika vipande ambavyo Gaspari alikuwa anatupa nyuma ya ua. Wewe uliona. Uliniuliza kama nimeomba, nikakuambia ni takataka.

Ubora wa fremu ni kwamba ina upande wa uziwi. Ukiigeuza hadi uso wake ukabiliane na chanzo cha kelele, kelele zinakufa. Kwa hiyo inakuonyesha kelele zinatoka wapi. Lakini kabla sijaigeuza nilifanya lile ambalo kila kitabu kinaagiza: zima swichi kuu ya nyumba yako, sikiliza kwa betri. Nilizima. Krrrr, kimya, krrrr. Nikafurahi, Donata. Nikasema, basi, si kwangu. Nikageuza fremu taratibu, kelele zikapungua, zikapungua, zikakatika kabisa. Nikaangalia uso wa fremu umeelekea wapi. Ulipita juu ya banda la kuku, ukavuka minyaa, ukaenda moja kwa moja kwenye dirisha la Gaspari lililopigiliwa mbao.

Banda la kuku hata sikuliona. Lilikuwa njiani tu.

Haya ndiyo niliyokuwa nimeyasahau, na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Miaka miwili kabla, nilikuwa nimemtengenezea mama yako mashine ya kutotolea vifaranga. Kidhibiti joto chake nilikiunda mwenyewe kwa kipande cha pasi mbovu, kinawasha na kuzima chenyewe, na kila kinapowasha kinatoa cheche. Fundi yeyote angeweka kapasita pale ya kumeza cheche. Mimi nilisema nitaiweka Jumamosi. Na kwa kuwa mama yako aliogopa mtu asije akazima umeme akaua mayai, waya wa mashine niliuunga kabla ya swichi kuu. Nilijisifu kwa ujanja huo. Kwa hiyo nilipozima nyumba nzima kujipima, kitu pekee nilichokiacha kinawaka ni kile nilichokuwa nakitafuta.

Siku ileile nilikwenda baa ya pale kona nikiwa nimejaa hasira. Nilisema mbele ya watu, na mkubwa wa seli, kiongozi wa mtaa wetu, ameketi na chupa yake karibu nami, kwamba ndani ya chumba cha nyuma cha seremala kuna mashine inayotoa mawimbi usiku na mchana, inagonga na kunyamaza, na kwamba mimi sikisii, nimepima. Wewe ulikuja kuniita chakula. Ulisimama pale mlangoni na ukasikia. Hilo ndilo jambo la kwanza, na hilo unalijua.

Wiki chache baadaye vita vikaanza kule kaskazini. Sihitaji kukueleza mtaa ulivyokuwa. Watu walianza kutajana majina, fulani anawasiliana na waasi. Kabla hata hawajamfikia mtu mwingine walikuja kwangu, wakachukua mtambo wa kutuma, wakaniachia wa kusikilizia kwa sababu ya kazi yangu uwanjani. Siku mbili baadaye mkubwa wa seli akarudi peke yake. Wewe na mama yako mlikuwa misani.

Sasa sikiliza jambo la pili.

Alikaa kwenye kiti kile cha bluu. Alitazama nyaya zangu, akatazama fremu, akatazama kibali ukutani ambacho siku zile kilikuwa karatasi tu. Akaniuliza kwa upole: "Ile mashine uliyosema iko kwa jirani yako, uliisema kwa ulevi, ama iko kweli?"

Alinifungulia mlango, mwanangu. Ningesema ni ulevi, tungecheka, angeondoka. Lakini alikuwa anaitazama fremu yangu, na mimi niliogopa macho yake yabaki pale. Nilitaka yaende kwingine. Nikamjibu: "Nimepima."

Neno moja. Halikuwa hasira wala ulevi. Nilikuwa mtu mwenye akili timamu, aliyekwisha kunywa chai, na aliyejua neno hilo linakwenda kufanya nini.

Walimchukua Gaspari jioni ile. Walivunja dirisha lenye mbao, wakakuta majeneza. Alikuwa anayatengenezea mle na kuyafungia, makubwa na yale madogo ya watoto, ili wajawazito wa mtaa wasipite wakayaona. Mama yako alikuwa mmoja wao miaka ile, wakati wa ndugu yako ambaye hakukaa duniani. Mashine hawakuikuta. Walimchukua hata hivyo, akakaa ndani miezi sita, akarudi na vidole viwili vya mkono wa kulia visivyojikunja. Seremala. Na kila Jumatatu hadi leo anavaa lile koti la kijivu anakwenda ofisini kutia saini kwamba bado yupo, kwa sababu jina lake limebaki kwenye orodha ya washukiwa kwa ajili ya mashine ambayo haijapatikana. Anapopita anavua kofia. "Bwana Silvesta, habari ya asubuhi." Na mimi namwitikia. Miaka miwili na nusu namwitikia.

Halafu ukaja wewe likizo ya Pasaka, na ujeuri wako wa kidato cha tano. Ukachukua fremu bila ruhusa, ukaibeba hadi langoni, ukapima kutoka pale. Ukachora mstari wangu na mstari wako kwa rula nyuma ya daftari la hesabu, ukaja kuniwekea mezani juu ya sahani yangu. "Baba, mstari mmoja hauna mwisho, unaweza kuwa popote. Hii miwili inakutana kwenye banda la kuku."

Nikakuzaba kofi. Halafu nikavunja fremu kwa goti.

Sitakuambia kwamba mkono uliponyoka. Haukuponyoka. Nilikuzaba kwa sababu ulikuwa sahihi, na nilitaka uache kuwa sahihi japo kwa dakika moja. Tangu siku hiyo hujaniita Baba. Unasema "mama amesema chakula tayari", unasema "kuna mtu nje". Nimehesabu, usidhani sijahesabu.

Na kuna uchafu mwingine, nao uujue. Uliporudi shuleni nilikwenda bandani nikaweka ile kapasita, kitu chenyewe ukubwa wa punje ya maharagwe. Alfajiri iliyofuata nikavaa vidude vya masikioni, na mita themanini ilikuwa kimya kabisa. Katikati ya kimya hicho, mwalimu wa Mauritius. Bado anaita. Si mimi tena, anaita yeyote. Na mimi, Donata, nilifurahi. Nilikaa pale natabasamu kama bwana harusi, na upande wa pili wa minyaa Gaspari alikuwa anajifunza kushika msumeno kwa mkono wa kushoto. Niliusikia unavyokwenda, unakwama, unaanza tena. Niliongeza sauti ya redio.

Mtu wa namna hiyo ndiye baba yako. Nakuandikia ili usije ukaenda Kigoma ukasimulia kwamba nyumbani kuna mzee mkali tu. Mkali ni jina zuri mno. Mimi nilikuwa mwoga mwenye vifaa vizuri vya kupimia.

Na bado nakukasirikia. Nakukasirikia kwa kumkubali Gaspari akutengenezee sanduku. Miezi miwili nimesikia nyundo yake ya mkono wa kushoto ikikosea misumari, nikijua ni sanduku la mwanangu, zawadi, kutoka kwa mtu ambaye angejua asingekupa hata ubao wa kukalia. Ulilikubali ili lininyooshe. Nimeona. Umerithi kwangu namna ya kumuumiza mtu taratibu, na siwezi kukupongeza kwa hilo wala kukulaumu.

Ninaogopa pia. Nikienda kusema, wataniuliza kwa nini nilisema vile, na kwa nini nimekaa na redio muda wote huo, na nyakati zenyewe unaziona. Wanaweza kufuta jina moja kwenye orodha wakaandika jingine mahali pake. Mama yako atabaki na vifaranga mia na mume kwenye orodha. Nimejiambia hayo tangu Pasaka. Ni kweli yote, na ni kisingizio pia.

Naiacha kalamu hapa. Mvua imekatika, na msumeno umenyamaza.

*

Nimerudi. Nilisema usome kwenye basi. Nimebadili: soma usiku huu ukirudi kutoka Masaka, kabla hujakwenda kuchukua sanduku lako. Nakuandikia yalivyokuwa, sitii chumvi wala sipunguzi.

Nilikwenda kwa Gaspari. Nilizunguka kwa barabara, sikupita penye upenyo wa minyaa. Nilimkuta anapaka sanduku lako vanishi. Ni zuri. Mbao nyekundu, kona zimeungana bila nafasi hata ya kupitisha wembe. Aliniona akataka kuvua kofia, na vanishi ilikuwa imemjaa mkononi, akainama tu.

"Bwana Silvesta. Umekuja kuona kazi ya mutoto?"

Nikamwambia: "Gaspari, ile mashine waliyokuwa wakikuuliza. Ilikuwa kwangu."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Mashine gani?"

"Iliyokuwa inatoa kelele. Ni mashine ya vifaranga ya mama Donata. Iko bandani. Nilipima vibaya nikadhani iko kwako."

"Ya vifaranga," akasema.

"Ndiyo."

Aliweka brashi juu ya kopo, akaipanga vizuri isianguke. Akakaa juu ya gogo. Nilitaka kuendelea, akaniinulia ule mkono wa kulia. "Ceceka kidogo," akasema, nyamaza kwanza, na tangu nimjue hajawahi kunisemesha hivyo.

Kisha akaanza, na sauti yake ilikuwa ileile ya polepole ambayo nimeichukia miaka yote hii. "Mimi nilikaa miezi sita nawaza hii mashine iko namna gani. Wananipiga, wanasema, mashine iko wapi. Nikasema iko chini ya avoka. Wakaenda, wakachimba, hakuna. Wakarudi kunipiga. Nikasema iko kwa shimo ya choo. Wakachimba. Nikasema iko Masaka, iko kwa kaka yangu, iko kwa padiri. Bwana Silvesta, mimi nilitafuta hii mashine kuliko wao. Usiku nilikuwa naomba Mungu anionyeshe tu iko wapi, niwape, waniache." Akatazama juu ya minyaa, paa la banda letu linaonekana pale, hatua ishirini. "Na kuku wako walikuwa wanalia hapo."

Nikamwambia kwamba ni mimi niliyesema. Akaniuliza: "Kwa baa?" Nikasema kwa baa, na tena nyumbani, mkubwa wa seli aliponiuliza kama nina hakika. Nikamwambia neno lenyewe. Nilimwambia kwamba sikuwa nimelewa mara ya pili. Nilitaka kubaki na kaukungu kidogo pale, Donata, niseme nililazimishwa, na neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nililimeza.

Nikamwomba anisamehe.

"Hiyo ni kazi ya padiri," akasema. "Mimi sitaki hiyo. Mimi nataka Jumatatu yangu."

Sikuelewa haraka.

"Jumatatu nakwenda kutia saini. Wewe utakuja. Utasimama pale kwa meza, utawaambia kama ulivyoniambia mimi sasa, mbele yangu, waandike. Ukitaka kuniita jirani tena, ni hapo. Usipokuja, usinisalimie. Hata siku moja."

Nikasema nitakuja. Alinyanyuka, akachukua brashi, akaendelea na kona ya sanduku. Niliposimama tu hivi bila kujua mikono niiweke wapi, akasema bila kugeuka: "Sanduku iko tayari kesho asubuhi. Mutoto aje mwenyewe. Wewe usiguse." Halafu akasema, "Genda." Nikaenda.

Kwa hiyo Gaspari anajua. Kesho huna la kumwambia. Pokea sanduku lako, msaidie kulifunga kamba maana vidole vinamsumbua, na usimwombe radhi kwa niaba yangu, hilo si lako. Mimi nitakuwa nawe kituoni, lakini sitalibeba. Watu wakishangaa baba gani huyu anamwacha binti abebe sanduku, waache washangae.

Chini ya godoro lako nimeweka waya wa fremu, nimeuzungusha kwenye kigae. Ndio uleule. Huko chuoni watakufundisha mitambo ya simu kwa vifaa vya maana kuliko vyangu, lakini shangazi yako anakaa mlimani na pale Kigoma mawimbi ya chini yanaingia vizuri alfajiri. Unda fremu yako. Omba mbao kwa mwenyewe.

Na sasa la mwisho. Jumatatu wewe utakuwa mbali, hutaniona nikitoka. Kati ya leo na Jumatatu kuna Jumamosi na Jumapili nzima, na mimi najifahamu. Naweza kuamka na homa. Naweza kukumbuka zamu ya kazi ambayo haipo. Nitakuandikia barua kwamba nilikwenda, nilisimama mezani, nilisema. Usiiamini. Hiyo itakuwa mstari mmoja, na umeona nilichomfanyia mtu kwa mstari mmoja. Mwandikie Gaspari pia, umuulize Jumatatu alitembea na nani na mtu huyo alisema nini. Weka barua zote mbili mezani kwa shangazi yako, kama ulivyoniwekea ile karatasi juu ya sahani.

Zikikutana, basi uniandikie, na juu kabisa uweke lile neno ambalo hujalisema tangu Pasaka. Zisipokutana, niandikie kwa jina tu.

Silvesta